Mnyama Aliyeangalia Nyuma

Wazee wa kwetu wakikutana na kijana wasiyemjua hawana haraka na jina lake. Wanataka kujua mnyama. Kila ukoo wa Kipsigis una mnyama wake, au ndege, au hata jua na mwezi, na mtoto humrithi mnyama huyo kwa baba yake jinsi anavyorithi pua. Kuna watu wa simba, kuna watu wa tembo, kuna watu wa chura ambao hawapendi kuchekwa. Nyumba alimozaliwa mama yangu, huku juu kati ya Kericho na Bomet, ni nyumba ya korongo, yule ndege mrefu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Wenye mnyama mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani, hata kama mmoja ametoka Kipkelion na mwingine hajawahi kuvuka Sotik.

Mimi sikuwa na mnyama. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na watu wa ziwa wana mambo yao mengi mazuri lakini hilo la mnyama hawana. Alirudi kwao nikiwa na miaka mitatu. Hakukuwa na ugomvi wa kusimulia. Kazi iliisha, akaenda, na baadaye tukasikia ameoa huko. Nakumbuka ovaroli ya bluu na harufu ya grisi, basi. Wakati mwingine nashuku hata hiyo ovaroli niliiona kwa mtu mwingine nikaamua ni yake.

Kwa hiyo tuliishi kwa kogo, yaani nyanya yangu, katika boma ambalo sauti ya mwisho ilikuwa ya mjomba, kaka mkubwa wa mama. Nilikunywa maziwa ya boma hilo tangu meno ya kwanza. Viatu nilipata, karo ilipatikana, na nikiugua mjomba ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani. Nilichokosa ni jibu, watoto wenzangu wakiuliza. Na watoto wakishajua mahali unapoumia, hapo ndipo watakapouliza kila siku.

Mama alifanya kazi ya nyumba kwa mjane mmoja wa Kizungu, mwanamke mzee aliyebaki katika nyumba ya zamani yenye bati jekundu pembeni mwa shamba la majani chai. Marehemu mumewe alikuwa ameonja na kununua chai sehemu nyingi za dunia ujanani mwake, na kutoka China alirudi na wanyama wa mawe. Walikaa ndani ya kabati la kioo sebuleni, saba kwa jumla, na hakuna hata mmoja aliyezidi ngumi ya mtu mzima. Jiwe lenyewe linaitwa jedi. Wanyama hao walikuwa wa zamani sana, wa zamani kuliko reli, kuliko majani chai yenyewe katika nchi hii, na mama alikuwa ameonywa kwamba akiangusha mmoja hakuna duka la kwenda kununua mwingine.

Siku za Ijumaa aliwaosha. Likizo ya Aprili, shule ikifungwa na mvua ikinyesha kila siku saa nane kama imeajiriwa, mama alinichukua niende naye, nikae jikoni nisimsumbue kogo. Sikukaa jikoni. Nilisimama mlangoni mwa sebule na kumtazama akiwatoa mmoja mmoja, anawaweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anawapangusa kwa fulana kuukuu ya marehemu, laini kama sikio la ndama. Mmoja alikuwa mweupe mwenye manjano kwa mbali, rangi ya samli iliyoganda. Mwingine alikuwa na mabaka ya kahawia, rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa. Kulikuwa na chura mwenye miguu mitatu tu, na kobe mwenye kichwa cha kitu kingine kabisa, na simba aliyelala na mtoto wake, ingawa ukimwangalia vizuri yule simba alikuwa na uso wa mbwa aliyekula vizuri.

Wa kwangu alikuwa wa kijani, kijani cha yale majani mawili na chipukizi ambayo wavunaji huchuma. Alikuwa amejikunja chini kama ng'ombe anayecheua. Alikuwa na pembe moja iliyolazwa nyuma, ndevu kidogo, mabawa yaliyobanwa mbavuni, na mkia uliogawanyika. Mwili wote ulielekea mbele lakini kichwa alikuwa amekigeuza, anaangalia nyuma juu ya bega lake. Nilimpenda hapo hapo. Sina maelezo mengine na sijawahi kuyatafuta.

Mjane aliniona. Nilidhani nitafukuzwa, kwa sababu alikuwa na sura ya kufukuza watu. Badala yake akamchukua yule wa kijani, bado ana maji, akaniita kwa Kiswahili chake ambacho mama alipenda kukiiga tukifika nyumbani.

"Shika na mikono mbili," akaniambia. "Jiwe hii nataka mkono."

Mnyama alikuwa baridi, baridi ya maji ya mtoni asubuhi, kisha taratibu akaanza kupata joto, na joto lile lilikuwa langu. Mjane alinieleza kwamba wanyama hawa hawapo popote duniani. Watu wa China ya kale waliwawaza tu vichwani, wakachukua pembe hapa na bawa pale, ili wawe na walinzi ambao hakuna mwindaji angeweza kuwaua. Tena jiwe lile, alisema, halichongwi kwa patasi kwa maana ni gumu kuliko patasi. Linasagwa kwa mchanga na maji, fundi anasugua miezi na miezi mpaka mnyama atoke. Akishatoka anapaswa kushikwashikwa na watu, la sivyo hupoteza mng'ao. Mikono ya wazee wengi waliokwisha kufa ndiyo iliyomfanya yule wa kijani ang'ae.

Jioni nilimsimulia kogo. Habari ya kusaga haikumshangaza. Alikuwa amesaga wimbi juu ya jiwe maisha yake yote na alijua mchanga unaweza kula nini. Aliuliza jambo moja tu, ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Ni mnyama wa ukoo gani huyo?"

Mama alicheka, akamwambia hana ukoo, ni wa kuwaziwa. Kogo akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. Mnyama asiye na watu wake, alisema, hiyo ni taabu. Akarudi kwenye kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, akakisugua kwa mkaa, na yeye hilo neno likamtoka akilini. Mimi lilinikaa.

Nilipofika darasa la tano mwalimu alituambia tuchore mnyama wa ukoo wetu na tumweleze mbele ya darasa. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ni mimi tu niliyekuwa darasani bila mnyama, na yeye alikuwa mgeni katika shule ile. Wenzangu walichora simba wanaofanana na paka, wakachora tembo, wakachora korongo wengi mno. Nami nikachora. Nilichora pembe, ndevu, mabawa, mkia uliogawanyika, na shingo iliyogeuka, na niliposimama mbele nilisema huyu ni mnyama wa watu wa baba yangu. Nilisema kwa sauti kavu. Mtu alipouliza anaishi wapi nikajibu anaishi mbali, na kwamba hawezi kuuawa. Kwa muda wa siku nzima nilikuwa mtu mwenye kitu. Hata wa simba walikuja kuuliza kama mnyama wangu anaweza kupigana na wao.

Njia ya mwongo ni fupi. Binti wa jirani alifika nyumbani kabla yangu, na nilipoingia uani mama alikuwa ameshasikia yote. Hakunipiga. Aliniuliza kwa nini namtangaza baba yangu shuleni, kisha akaingia ndani akafunga mlango, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mjomba ndiye aliyeomba kuona daftari.

Naomba hapa nieleweke. Nilimpelekea lile daftari nikiwa na ombi moja rohoni, na ombi hilo ndilo nililoishi nalo miaka yote. Nilitaka akasirike. Nilitaka aichane karatasi na kusema, huu ni upuuzi gani, wewe ni mtoto wa nyumba hii, mnyama wako ni korongo. Alikuwa na uwezo huo. Kwetu mzee wa boma anaweza kumwita mtoto wa dada yake kuwa wake, akamtia katika ukoo, na baada ya hapo hakuna wa kuuliza tena. Nilisimama mbele yake na miguu yenye matope nikiomba kwa macho.

Aliangalia mchoro kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini mnyama anaangalia nyuma. Nikamwambia anamngoja mtu.

"Basi una wako," akasema, akanirudishia daftari.

Mimi ni mtu wa kinyongo, sitaficha. Neno lile nililibeba miaka kumi na minne. Nilimheshimu mjomba, nilimpelekea chai, nilimsalimia kwa kuinamisha kichwa, lakini moyoni nilikuwa nimeshaandika kwamba amenitoa nje ya nyumba. Korongo walipotua kwenye eneo chepechepe chini ya shamba letu, wawili wawili, wakiruka na kufunguliana mabawa, binamu zangu waliita "wetu wamekuja", nami niligeuka nikaenda kuchota maji.

Mwaka uliofuata mjane aliondoka kwenda kuishi na bintiye ng'ambo. Wanyama aliwauza. Mnunuzi alikuja na gari kutoka Nairobi, mtu mpole mwenye glavu nyeupe, akamfunga kila mmoja kwa pamba na kumlaza kwenye sanduku kama yai. Mama alipewa masufuria, sweta mbili na barua ya kumsifu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nitapewa yule wa kijani, usiniulize kwa nini, watoto hujipa ahadi za watu wengine. Nilichopewa ni kumshika kwa mara ya mwisho. Nilimshika mpaka akapata joto, na yule mnunuzi akanyoosha mikono yake ya glavu akaniambia polepole, mpenzi, polepole, nami nikamwachia.

Nimemtafuta. Nilipokuwa nasoma chuoni Kabianga nilitumia bando nyingi za simu kuwatazama wanyama wa jedi katika majumba ya makumbusho ya nchi ambazo sitazifikia. Nilisoma kwamba wenye mabawa waliwekwa karibu na makaburi wafukuze mabaya, na kwamba wasomi wa zamani waliwabeba wale wadogo katika mikono ya majoho yao, wanawapapasa huku wanafikiri. Nimeona wengi wanaofanana naye. Wengine wamegeuza vichwa upande wa kushoto na wangu alikuwa amegeuza kulia. Wengine pembe ni mbili. Hata leo nikiwa peke yangu, nikingoja maji yachemke, huandika maneno yale yale kwenye simu na kuteremka picha moja baada ya nyingine, na mkono wangu unakumbuka uzito wake.

Baba naye nilimtafuta, ila kwa uoga zaidi. Mara moja nilipanda gari mpaka Fort Ternan, ambako nchi inaanza kushuka kwenda kwenye miwa na joto, na mtu akisimama palipoinuka anaona bonde lote limelala kuelekea ziwa. Nilinunua ndizi. Nilisimama saa nzima nikiangalia kule chini, kisha nikapanda gari la kurudi. Nilimwambia mama nilikuwa na somo la ziada.

Kijana aliyeniposa ni wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, anafanya kazi kwenye kituo cha kupoza maziwa. Siku ya pili ya kujuana nilimuuliza mnyama, na akajibu: korongo. Nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Halafu nikakumbuka kwamba mimi si wa korongo. Akaniuliza wangu nikamwambia sina, baba ni wa ziwa, na nikamwona anavuta pumzi kwa furaha.

"Basi hakuna shida," akasema.

Hakujua amesema nini. Kwa mara ya kwanza upungufu wangu ulikuwa mlango. Kama mjomba angenichukua ile siku ya daftari, huyu angekuwa ndugu yangu, na ningempa mkono na kumwambia kwaheri.

Watu wake walikuja Desemba iliyopita kwa koito, kikao cha posa, na jikoni tulikuwa mimi, mama na shangazi wachache, tukijifanya tunashughulika na chai. Kogo alikuwa amekwisha kutuacha. Ukuta wa jikoni yetu ni wa mbao, na kila mwanamke anajua ubao gani una mwanya. Wazee walianza na mvua, wakaenda kwa ng'ombe, wakaenda kwa bei ya majani chai, na mwishowe mzee mmoja wa upande wao akauliza lile swali. Huyu msichana ni wa mnyama gani?

Mjomba alisema baba yake ni mtu wa ziwa.

Yule mzee hakuridhika. Alisema kwa heshima, lakini alisema, kwamba damu ni jambo moja na maziwa ni jambo jingine. Mtoto huyu amelelewa hapa. Amekunywa maziwa ya korongo, mjomba wake ni korongo, na wao pia ni korongo. Watajuaje kwamba siku moja mjomba hakumtia mtoto katika ukoo, kama mtu mwema angefanya? Wasije wakaoza ndugu kwa ndugu na laana ikawarudia. Alitaka mjomba aseme waziwazi mbele ya wote: ni wenu, au si wenu?

Mama alinishika mkono. Nilikuwa nimeweka sikio kwenye ubao na nataka kusema ukweli, kwa sababu hakuna maana ya kuandika haya nikidanganya. Nilimpenda yule kijana, nampenda. Lakini sehemu yangu moja, yule mtoto wa matope miguuni, ilikuwa ikisema ndani kwa ndani: sema ni wetu. Sema, hata kama watainuka waende zao. Sema mara moja tu nisikie.

Nilimsikia mjomba akisogeza kigoda chake.

"Ana mnyama wake," akasema. "Alitoka naye kwa watu wa baba yake. Ana pembe moja na mabawa, na ndevu. Hapa hakuna mwingine."

Halafu mzee wa Kimulot akauliza, bila mzaha hata kidogo, mnyama huyo anakula nini.

"Hatujui," mjomba akajibu. "Hajawahi kufika hapa."

Wakacheka, kicheko kirefu cha wazee waliopata njia ya kupita, na yule mzee akasema basi hakuna shida, na mursik ikaitishwa. Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Mama alikuwa analia na kumimina chai kwa wakati mmoja. Mimi nilibeba sinia nikaingia nikiwa nimeinamisha macho, nikawapa mmoja mmoja, na nilipofika kwa mjomba aliichukua bilauri bila kuniangalia.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka na mvua imekatika, nilimkuta nyuma ya zizi anakwangua matope kwenye gambuti zake. Nilisimama tu. Sisi si watu wa kukumbatiana.

"Ningesema wewe ni wetu, wangeenda," akasema.

Nikamwambia najua.

"Nilitaka kusema." Aliendelea kukwangua. "Nimetaka tangu ile siku ya daftari. Lakini uliniambia unamngoja mtu. Nikaona nikikuchukua, nitakuwa nimemfuta baba yako, na wewe bado unamngoja."

Miaka kumi na minne. Nilitaka kumwambia kwamba niliyemngoja ile siku, nikiwa nimesimama mbele yake, alikuwa yeye. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni swali la kitoto: je, nikiomba sasa?

Akatikisa kichwa. Alisema sasa haiwezekani, ameshatamka mbele ya wazee, na neno la koito halirudishwi. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema na alitaka kunipa kitu, akaongeza kwamba nisisikitike. Watoto nitakaowazaa watamfuata baba yao. Watakuwa korongo. Watakuwa ndugu zake kabisa.

Nina mimba ya miezi sita. Wiki iliyopita mjomba alikuja Kimulot na kibuyu cha maziwa, akakaa, akazungumza na tumbo langu kwa Kipsigis, akiliita ndugu yangu, ndugu yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto akacheza. Huyu akiulizwa atajibu kabla swali halijaisha. Namwonea wivu.